Je, Wajua? Guyo, Jina la Mchana Kweupe

Sogea, nafasi ipo. Hapa Minjila, pembeni mwa Garsen, wasafiri wa Malindi, wa Lamu, wa Hola na wa Garissa wote hupitia, na benchi halikauki watu. Sasa jaribu jambo moja: ita "Guyo!" kwa sauti, kisha hesabu vichwa vitakavyogeuka. Atageuka utingo, atageuka mchuuzi wa maembe, atageuka mzee mwenye bakora, na kijana wa bodaboda atageuka kabla hajavua helmeti.

Je, wajua kwamba umewaita wote "Mchana"? Ndiyo, mchana huu huu wa jua la utosi. Kwa Kiorma, Kiborana na ndugu zao wa Kioromo, mchana ni guyya, na mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likiwaka ndiye Guyo. Akiwa wa kike, ni Guyato.

Na saa nyingine je? Usidhani zimeachwa bila jina. Kukipambazuka ni Barisa, jua likitua ni Galgalo, usiku ni Halkano. Shika hayo, kisha chukua orodha ya darasa lolote la huku usome: utajua nani alimwamsha mkunga usiku wa manane na nani alikuwa na adabu ya kungoja watu wanywe chai.

Lakini mwalimu ana kazi. Akiita "Guyo!" wanaitika watatu. Watoto wenyewe hawajali, wameshapanga mambo yao: huyu Guyo Mrefu, yule Guyo wa Bilisa, na yule pale nyuma ni Guyo Kumi, kwa sababu ya jezi.

Je, wajua kwamba Mchana ameingia bungeni? Mbunge wa Garsen aliyechaguliwa 2017 na kurudishwa 2022 anaitwa Ali Wario Guyo. Jina la mbele la Kiislamu, ya nyuma ya Kioromo. Majina mengi ya wafugaji wa huku yamepangwa hivyo: lako kwanza, la baba yako, halafu la babu yako. Kitambulisho kimoja, vizazi vitatu.

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Je, wajua kwamba nchi nzima ya Iceland nayo huishi kwa jina la baba? Mwana wa Jón ni Jónsson, binti yake ni Jónsdóttir, na wengi wao hawana jina la ukoo kabisa. Hata kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza! Watu wa Iceland hawafiki laki nne. Tana River, sensa ya 2019 ilihesabu 315,943. Wale wana barafu, hawa wana mamba, lakini ukiuliza "wewe ni nani?" wote watakutajia baba.

Je, wajua kwamba majira pia yana wana? Bona ni kiangazi, na mtoto wa kiangazi ni Bonaya. Mvua ni roba, na mtoto wa mvua ni Roba, au Robe akiwa msichana. Kwa hiyo usimwonee huruma Bonaya ukimkuta amesimama chini ya mwembe ananyeshewa: amesubiri sana.

Shika na hii. Gavana wa kwanza wa Mandera, aliyekaa kitini tangu 2013 hadi 2022, ni Ali Roba. Mandera! Kaunti ambayo mvua yake ya wastani kwa mwaka haifiki milimita 300. Vipindi viwili mfululizo wananchi wa jangwani walimpigia kura Mvua, na mimi siwalaumu.

Tukiwa kwenye mvua: je, wajua kwamba mvua iliyowatesa sana watu wa Tana ina jina la mtoto wa kiume? El Niño, kwa Kihispania, ni "mtoto wa kiume". Wavuvi wa Peru waliona bahari yao ikipata joto karibu na Krismasi, wakaiita kwa heshima ya mtoto Yesu. Mtoto huyo akaja Tana mwaka 1997, akarudi tena 2023, na mara zote mbili mto ulipanda mpaka ukaingia vijijini.

Haya, kuna na majina ya safari. Familia ikiwa inahama na mifugo, mzigo uko juu ya ngamia au ng'ombe, na uchungu ukamshika mama njiani, mtoto ataitwa Godana. Wakamba wana Kyalo, nalo ni safari vilevile. Godana na Kyalo wakikutana kwenye basi la Mombasa, waulize nani kati yao alizaliwa mbali zaidi na nyumbani.

Na Dida? Dida ni nje, uwandani. Wakenya walimfahamu mwalimu Mohamed Abduba Dida alipogombea urais 2013, akapata kura 52,848, akajaribu tena 2017. Mashabiki wa soka nao wanamjua Dida mwingine, kipa wa Brazil, ambaye hilo ni jina lake la utani tu. Mmoja alizuia mabao, mwingine alizuiwa Ikulu. Hawana undugu.

Kuna jina moja ambalo ukilisoma polepole linakuwa hadithi. Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya tangu 1998 hadi 2001 alikuwa Dkt. Bonaya Adhi Godana. Bonaya ni wa kiangazi, adi ni nyeupe, Godana ni wa safari. Naye Dkt. Guracha Galgallo, aliyekuwa Mbunge wa Moyale, jina lake ni Mweusi, na la pili ni Jioni. Wote wawili walifariki siku moja, Aprili 10, 2006, ndege yao ilipoanguka Marsabit wakiwa kwenye safari ya kutafuta amani.

Je, wajua kwamba majina haya ya wafugaji yamehamia kwa wakulima? Wapokomo ni Wabantu. Wanalima mpunga, ndizi na maembe ukingoni mwa Tana, wanavua, wanapiga kasia. Waorma wanachunga ng'ombe na lugha yao ni ya Kikushi. Mbali kabisa! Lakini ingia kijiji cha Wapokomo ukaite Jillo, au Barisa, au Galana, uone kama hutaitikiwa. Kwa karne kadhaa wamegawana mto mmoja, wamegombana na kupatana, na majina yamevuka ng'ambo bila nauli. Jillo lenyewe linatokana na jila, sherehe ya mila, na huenda Jillo wa leo ana wajomba wengi wasioelewa neno hata moja la Kiorma.

Sasa tulia, maana hapa kuna utamu. Je, wajua kwamba jina moja la Tana limo ndani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, ingawa hulisikii? Mwaka 1963 tume ya wanamuziki ilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa nchi mpya. Watu wakapendekeza mengi. Wimbo ulioshinda ulikuwa bembelezi la Kipokomo, lile ambalo mama humwimbia mtoto anayelia, na aliyeipa tume wimbo huo ni mzee wa Kipokomo, Meza Morowa Galana.

Galana! Umelisikia hilo? Kwa Kiborana na Kiorma, galana ni mto. Mzee wa mtoni, aliyetoa wimbo wa mtoni, aliitwa Mto.

Bado. Mwaka 1968 kule Mexico City, Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Bendera ikapanda, bendi ikapiga, na dunia nzima ikasimama wima kusikiliza wimbo wa kumlaza mtoto wa Tana. Tangu siku hiyo kila bingwa wa Kenya hubembelezwa jukwaani, na wengine kweli hulia.

Na ule Mto Galana unaopita Tsavo, je? Ukisema "Mto Galana" umesema "Mto Mto". Huo ni mto mmoja wenye majina matatu: nyanda za juu unaitwa Athi, ukishakutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari, kaskazini mwa Malindi, unaitwa Sabaki. Sijui mtu mwingine mwenye vitambulisho vitatu ambaye polisi hawamsumbui.

Na Sabaki je, unajua lilikoishia? Wanaisimu walipotafuta jina la kuita familia ya Kiswahili na ndugu zake, walichukua hilo hilo. Kiswahili, Kipokomo, lugha za Mijikenda, Kikomoro na Kielwana cha huko juu Tana, zote zinaitwa lugha za Sabaki. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, lugha yako imepewa jina la mto ambao jina lake la katikati ni la Mpokomo aliyetupa wimbo. Kunywa chai kidogo kwanza.

Wapokomo wenyewe, kwa taarifa yako, Mto Tana huuita Tsana. Una urefu wa kilomita 1,000 hivi, mrefu kuliko mito yote ya Kenya.

Je, wajua kwamba hata vijiji vya delta vina majina yanayoweza kuitwa watu? Bilisa, kule kwetu Garsen, ni uhuru. Oda ni mkuyu, na si mkuyu wa kuni: chini ya mti huo ndipo Waoromo walipokaa kutunga sheria, na leo mti huo uko kwenye bendera ya jimbo la Oromia, Ethiopia. Abiria wa matatu anaposema "nishushe Oda", amesema shusha kwenye baraza.

Kuhusu baraza hilo, kuna mengi ya kushangaza. Mfumo wa Gadaa, ambamo uongozi hubadilisha mikono kila baada ya miaka 8, uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Miaka 8, kisha unaondoka! Hakuna kuongeza, hakuna kubadilisha katiba.

Na kiongozi wa Waborana, Abba Gadaa, aliyeongoza tangu 2009 hadi 2017 aliitwa nani? Guyo Goba. Akafuata Kura Jarso hadi 2025. Akafuata nani? Guyo Boru. Mchana mmoja akatoka, na baada ya miaka 8 Mchana mwingine akaingia. Na boru, usisahau, ni mapambazuko.

Je, wajua kwamba Waborana wana kalenda ya jadi isiyo na wiki? Siku zao zina majina 27, na kila siku ina bahati yake na mambo yake. Mwezi wao una siku 29 au 30, kwa hiyo majina yakiisha yanaanza upya kabla mwezi haujaisha. Miezi 12, siku 354, na wazee huisoma kwa kutazama mwezi na nyota. Hakuna karatasi ukutani.

Mtoto wa kiume wa kwanza, Waborana humfanyia sherehe maalumu ya jina, gubbisa. Na katika sherehe za namna hii usikose buni. Si kahawa ya kikombe unayoijua wewe. Punje nzima, na ganda lake, zinatiwa ndani ya samli inayochemka. Mara zinapasuka, pwa, pwa, pwa, na harufu inajaza nyumba nzima. Maziwa yanafuata, watu wanatafuna na kunywa, na samli ile ya moto wazee wanajipaka usoni na kichwani mpaka waking'aa. Mtoto mwenyewe anaweza akawa amelala fofofo, hajui anaitwa nani.

Je, wajua kwamba saa ya Muoromo na saa ya Mswahili ni moja? Ukifika Addis Ababa ukauliza saa, jua likiwa limechomoza kitambo kidogo, utaambiwa saa moja. Sawasawa na Garsen! Wageni huchanganyikiwa, wakakosa mabasi, wakafika harusini watu wameshakula. Lakini Guyo hapati shida popote: mchana wake unaanza saa kumi na mbili pande zote mbili za mpaka.

Ngoja nikuulize: Guyo wa Garsen akivuka nchi mpaka Kisumu, atamkuta nani? Atamkuta Ochieng'. Ni yeye yule! Ochieng' ni wa jua la mchana. Halkano atamkuta Otieno, wa usiku. Galgalo atamkuta Odhiambo, wa jioni. Roba atamkuta Okoth, wa mvua. Lugha za Waoromo na za Waluo hazina hata ujirani, lakini kina mama wa pande zote mbili waliangalia juu, wakaona jua liko wapi, wakataja.

Apande Eldoret. Huko Guyo ataitwa Kibet, wa mchana. Galgalo ni Kiplagat, Halkano ni Kipkemboi, Roba ni Kiprop, Bonaya ni Kipkemei. Na Wakalenjin wameongeza makali: ukizaliwa ng'ombe wakirudi zizini wewe ni Kiprotich, ukizaliwa mbuzi na kondoo wakirudi wewe ni Kiprono. Tofauti yao ni nusu saa tu na kwato.

Kwa hiyo Tom Mboya, jina lake kamili Thomas Joseph Odhiambo Mboya, angezaliwa Garsen angeitwa Galgalo. Na babu yake Barack Obama, Hussein Onyango, ni wa asubuhi jua likianza kupanda. Tana River wangemwita nani huyo? Wazee wangegombana kati ya Barisa na Guyo mpaka jua litue.

Na Waswahili je, hatumo? Tumo sana, ila sisi tunahesabu siku na miezi. Juma ni wa Ijumaa, Khamisi ni wa Alhamisi, Ramadhani na Shabani mwezi wao unajulikana. Seneta wa Tana River tangu 2017 hadi 2022 aliitwa Juma Wario: Mswahili mbele, Muoromo nyuma. Waborana nao, licha ya kalenda yao ya jadi isiyo na wiki, wana Gumato, msichana wa Ijumaa, na Talaso, wa Jumanne.

Je, wajua kwamba mtu aliyetupatanisha Wakenya 2008 jina lake ni Juma? Kofi, kwa Waakan wa Ghana, ni mtoto wa kiume wa Ijumaa. Kofi Annan alizaliwa Aprili 8, 1938. Chukua kalenda uhesabu: Ijumaa kabisa! Na yule Friday wa kitabu cha Robinson Crusoe, kilichotoka 1719, angefika Kipini kwa ngalawa angeitwa Juma siku hiyo hiyo, akapewa na wali wa nazi.

Sasa hesabu kidogo. Garsen iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, saa 12 kwa saa 12. Unaweza kudhani Guyo na Halkano watakuwa sawa kwa idadi. Hapana! Watafiti Uingereza walichunguza uzazi zaidi ya milioni 5, kati ya 2005 na 2014, wakaona kwamba uchungu ukiachwa uende wenyewe, watoto hutoka kwa wingi usiku, na kilele ni karibu saa kumi alfajiri. Asili yenyewe inapenda Halkano na Barisa.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto wa upasuaji uliopangwa huzaliwa zaidi asubuhi za siku za kazi, daktari akiwa amekwisha kunywa chai yake. Umeona? Kila hospitali inapojenga chumba cha upasuaji, Guyo anaongezeka.

Na kule Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halitui kwa miezi miwili hivi, kati ya Mei na Julai. Muorma akihamia huko, watoto wa msimu mzima watakuwa Guyo, Guyo, Guyo, wa saa nane mchana na wa saa nane usiku. Halkano wote watangoja Desemba, ambapo jua nalo halichomozi kabisa.

Wazee wengi wa kuhamahama kitambulisho chao kimeandikwa Januari 1, kwa sababu karani alitaka tarehe nao hawakuwa nayo. Mwaka ni wa kukisia, siku ni ya kukisia. Saa tu ndiyo ya uhakika: iko kwenye jina. Muulize mzee Halkano alizaliwa lini, atakuambia "usiku", na hawezi kukosea.

Je, wajua kwamba Guyo anarudi nyuma, kidogo kidogo? Si kwamba anapotea. Anahama nafasi. Watoto wa leo jina la mbele ni Ali, Hassan, Muhammad, na Guyo amebaki kuwa wa baba au wa babu. Na hilo Muhammad si la huku tu: mwaka 2023 liliongoza majina ya watoto wa kiume Uingereza na Wales, watoto 4,661, likampiku Noah. Mimi nasema mtoto anaweza kubeba yote mawili, mgongo anao.

Hata hivyo usimlilie Guyo, maana anakimbia! Septemba 24, 2017, Berlin, Eliud Kipchoge alikuwa anafukuzia rekodi ya dunia ya marathoni. Ghafla kando yake akatokea kijana wa Ethiopia ambaye hajawahi kukimbia marathoni hata moja maishani. Jina lake? Guye Adola, Guye na Guyo ni chanda na pete. Alimtangulia Kipchoge kwa muda, Wakenya tukashika vichwa. Kipchoge akashinda kwa 2:03:32, Guye akamaliza kwa 2:03:46, sekunde 14 tu nyuma, kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kukimbiwa na mgeni wa marathoni, kwenye njia inayokubalika kwa rekodi, hadi siku ile.

Na Kipchoge maana yake ni aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Ghala limemshinda Mchana kwa sekunde 14! Miaka minne baadaye, 2021, Guye akarudi Berlin hiyo hiyo akatwaa ushindi kwa 2:05:45, na gwiji Kenenisa Bekele akawa wa tatu.

Wajina wapo wengi duniani, basi nikupe wawili wa mwisho kabla basi lako halijaja. Boru, yule wa mapambazuko, ana wajina Ireland: Mfalme Brian Boru, aliyeuawa 1014 katika vita vya Clontarf karibu na Dublin. Hakuwahi kuona ngamia.

Na Guyo ana wajina Zimbabwe. Kwa Kishona, guyo ni jiwe la chini la kusagia, lile kubwa linalokaa sakafuni. Jiwe dogo la juu, la kushikwa mkononi, unajua linaitwaje? Huyo! Kwa hiyo ukimleta mgeni wa Harare hapa benchini, ukamwelekeza kidole kijana wa bodaboda na kumwambia "huyo ni Guyo", atatazama huku na huku akitafuta unga uko wapi.